Maana ya itifaki, kwa wanaosema mtandao wa Linux ni mzito

Kwa mara ya tatu msimu huu wa korosho nimemsikia fundi akimwambia mteja, "Itifaki ya Linux ndiyo nzito, dada, ngoja niipunguze." (Linux ni mfumo endeshi wa kompyuta, kama Windows ilivyo.) Safari hii ilikuwa kwenye steshenari moja karibu na stendi hapa Mtwara. Dada wa watu alikuwa amesimama muda mrefu akingoja faili lishuke kutoka seva ya ng'ambo, nalo linatambaa. Sikusema neno, maana si adabu kumsahihisha fundi mbele ya mteja wake. Lakini neno lile limenikaa kooni, na kwa kuwa nafundisha vijana kazi hii, naona afadhali niliandikie.

Itifaki ya mtandao ni kanuni ambazo mashine mbili zimekubaliana kuzifuata zinapozungumza: nani aanze, ujumbe ukatwe vipande vya ukubwa gani, aliyepokea ajibuje, na jibu lisipokuja lingojewe muda gani. TCP, ya kufikisha data nzima na kwa mpangilio, ni itifaki; IP, ya anwani na njia, ni itifaki; DNS, ya kugeuza jina la tovuti kuwa anwani, ni itifaki. Maana ni hiyo tu.

Kinachoniuma ni kwamba neno lenyewe lilikuwa linatuambia kila kitu, ila tumeacha kulisikiliza. Itifaki tuliipata kwa Waarabu, ittifaq, yaani mapatano. Mzizi wake ndio uliotupa pia afiki, afikiana na mwafaka. Wanaokumbuka siasa za Zanzibar wanakumbuka Muafaka wa 1999 na ule wa 2001 kati ya CCM na CUF. Hakuna aliyedhani Muafaka ni mali ya chama kimoja, kwamba unaweza kwenda ofisi ya upande mmoja ukaupunguza uzito. Vivyo hivyo Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010: ni itifaki kwa sababu nchi kadhaa zimekubaliana. Nchi moja ikiamua peke yake, hiyo ni sheria yake ya ndani.

Nadhani washereheshaji ndio waliotupotosha, bila kukusudia. Nenda harusi Mikindani, nenda mkutano wa hadhara Masasi au Nachingwea, kila anayeshika kipaza sauti ataanza na "itifaki imezingatiwa", kisha anaendelea na yake. Maana yake pale ni kwamba wageni wote wametambuliwa kwa heshima zao, nasi hatuna haja ya kuwataja tena mmoja mmoja. Ni matumizi halali na yana adabu ndani yake. Lakini kijana aliyelisikia neno hilo ukumbini tu, tangu utotoni, anakua akidhani itifaki ni mpangilio wa viti, amri iliyoshuka kutoka juu. Akifika kwenye kompyuta anaitafuta mahali ilipokaa ili aisogeze.

Wenzetu wanaosema "protokali" nao wana historia yao. Neno hilo ni la Kigiriki: prótos, ya kwanza, na kolla, gundi. Protokollon lilikuwa jani la kwanza lililogundishwa mbele ya gombo la mafunjo. Kwa karne nyingi lilizunguka kwenye ofisi za wathibitishaji hati na za mabalozi, hadi Aprili 1967, pale Roger Scantlebury na Keith Bartlett wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza walipolitumia katika waraka wao kuhusu mtandao wa kompyuta. Linafaa kwa namna yake, kwa sababu kila pakiti, yaani kipande cha ujumbe, hubeba maelezo mbele ya mzigo wake kama lile jani: baiti 20 angalau kwa IPv4, toleo la zamani la IP, na baiti 40 kwa IPv6, toleo jipya. Hata hivyo naona Kiswahili kilichagua vizuri zaidi. Mgiriki alitaja karatasi, sisi tulitaja mapatano.

Sasa turudi kwa fundi. Siku ya pili aliniita mwenyewe: "Mwalimu, hebu njoo uone, nimeshindwa." Nikafungua faili la /etc/sysctl.conf kwenye kompyuta yenye Linux. Faili hili si itifaki. Ni mipangilio, yaani namna mashine hii moja ilivyoamua kushiriki katika mapatano: ikubali nini, ikatae nini, ingoje muda gani. Tofauti hiyo ndiyo inayowasumbua wengi, na ndiyo inayoeleza kwa nini mtandao wa dada yule ulikuwa unasuasua. Ndani ya faili nilikuta mstari aliounakili mahali fulani kwa nia ya kuongeza kasi:

net.ipv4.tcp_window_scaling = 0

TCP ina kitu kinachoitwa dirisha. Anayepokea humwambia anayetuma, "Nina nafasi ya baiti kadhaa, ukizifikisha hizo, ngoja nikujibu." Kanuni za TCP zilizochapishwa 1981 ziliipa namba hiyo biti 16 tu, kwa hiyo haiwezi kuzidi 65,535. Enzi zile ilitosha na kubaki. Mwaka 1992 wakaongeza kifungu kwenye mapatano: wakati wa salamu za mwanzo, kila upande utaje kizidishi, ili namba ndogo isomwe kama kubwa. Kizidishi cha 7, kwa mfano, maana yake zidisha mara 128. Upande mmoja usipokitaja, wote wawili wanarudi kwenye dirisha dogo la zamani.

Mstari ule wa sifuri ulikuwa unakataa kifungu hicho. Piga hesabu uone. Tuseme pakiti kutoka hapa hadi seva ya Ulaya na kurudi hutumia milisekunde 200. Dirisha la baiti 65,535 kwa kila milisekunde 200 ni kama megabiti 2.6 kwa sekunde, hata kama umelipia megabiti 20 au 50. Seva iliyopo Dar es Salaam, tuseme milisekunde 20, itakupa megabiti 26 kwa dirisha lilelile. Ndiyo maana ukiona tovuti za karibu zinaruka na za mbali zinatambaa, usikimbilie kulaumu bando. Andika amri ss -ti wakati upakuaji unaendelea, utafute neno wscale, yaani kizidishi. Usipoliona, ujue kizidishi hakikukubaliwa.

Zaidi ya hapo, mapatano haya yanaweza kuvunjwa na mtu wa kati, na hili sisi wa Kusini tunalielewa bila kufundishwa. Fikiria karani wa ghala la Mtwara anapeleka taarifa Newala: "Nafasi iliyopo, 46." Juu ya karatasi kuna kichwa, "Magunia". Njiani mtu ananakili taarifa upya, anaandika 46, kichwa anakiacha. Kule Newala wanasoma kilo. Wanapakia kilo 46 kwenye lori, lori linateremka hadi Mtwara, linangoja jibu, linarudi kuchukua kilo 46 nyingine. Barabara ni nzima, lori ni zima, karani hajakosea, na korosho haziishi shambani. Mwaka 2004, kerneli (kiini) ya Linux 2.6.8 ilipoanza kutumia vizidishi vikubwa zaidi bila kuombwa, ndicho kilichowakuta watu wengi: ruta, yaani vifaa vinavyoelekeza pakiti njiani, na vifaa vya ulinzi vya katikati vilifuta thamani ya kizidishi njiani. Mpokeaji alisema 46 akimaanisha baiti 5,888, mtumaji akaelewa baiti 46. Linux ikapewa jina baya, kwamba ni nzito, wakati ilikuwa inafuata itifaki neno kwa neno na aliyeivunja alikuwa katikati. Wakulima waliouza kwa kangomba, ule ununuzi haramu usiofuata mizani rasmi, wanajua kwamba ugomvi huanzia kwenye kipimo.

Kuna kero nyingine za ukoo huohuo, nitazipitia upesi. Tovuti ikichelewa kufunguka kwa sekunde tano kamili kila mara, kisha ikawa nyepesi, tazama DNS: mashine huuliza anwani ya IPv4 na ya IPv6 kwa pamoja, na ruta nyingine hujibu swali moja, la pili zikalipoteza. Kuongeza options single-request kwenye /etc/resolv.conf huifanya mashine iulize moja moja, mradi faili hilo haliandikwi upya na programu nyingine. Kurasa ndogo zikifunguka na kubwa zikaganda, shuku ukubwa wa pakiti: kawaida ni baiti 1,500, lakini njia ya PPPoE, ambayo baadhi ya watoa huduma huitumia kuunganisha wateja, hukata 8, na kama kifaa cha katikati kinazuia taarifa ya "pakiti yako haipiti", mtumaji hatajua kamwe. Jaribu amri ping -M do -s 1472 ikifuatiwa na anwani ya seva, upunguze namba hadi ipite.

Halafu lipo lile agizo la kila siku, "zima IPv6". Njia ya IPv6 ikiwa mbovu na pakiti zinamezwa kimya, Linux hurudia kubisha hodi mara sita, na hadi ikate tamaa zimepita kama dakika mbili. Vivinjari vya siku hizi hujaribu njia zote mbili kwa karibu wakati mmoja, kwa hiyo mteja anaona kivinjari kizima na programu nyingine zimeganda. Pima tovuti ileile kwa amri curl -4 (njia ya IPv4), kisha curl -6 (njia ya IPv6). Ukiona tofauti, umepata mwenye kosa, na mara nyingi ni ruta au mtoa huduma. Kuizima kwenye kompyuta ya mteja ni kuitoa kwenye mapatano yale moja kwa moja. Wakati mwingine ni lazima, ila aambiwe kwamba umemtoa, ili njia ikitengenezwa arudishwe.

Na kuna siku tatizo si itifaki wala mipangilio. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hakukuwa na mstari wa kuandika kwenye faili lolote hapa Mtwara ambao ungesaidia.

Pale steshenari tulibadilisha sifuri kuwa moja, tukaendesha sudo sysctl -p, tukauanza upakuaji upya, maana kizidishi hupatanwa mara moja tu, kwenye salamu. Wscale ikatokea, faili likashuka. Nilipokuwa naondoka nilimwomba fundi jambo moja. Mteja ajaye akiuliza, usimwambie itifaki ni nzito. Mwambie, "Dada, mashine yako na ile ya ng'ambo hazijaafikiana kipimo, nami natazama ni upande upi umekosea." Dada yule ana mikorosho Tandahimba. Atakuelewa kuliko unavyodhani.