Kwa nini ukitoka kwenye riwaya ukafungua tamthilia unahisi umepotea?

Mtu kazoea riwaya, kurasa 300 anazimaliza wikiendi moja, halafu mpe tamthilia ya kurasa 80 uone, ukurasa wa kumi tu keshaanza kusinzia. Sio uvivu jamani. Kila aina ya kitabu inakuachia kazi yake ya kufanya kichwani, na kichwa chako kimezoea kazi moja.

Chukua tukio moja dogo. Usiku, mlango unagongwa, mama anafungua anakuta ni mwanae aliyeondoka miaka mingi bila kuaga. Kwenye tamthilia utaandikiwa hivi:

MAMA: Umekula?

Basi, imeisha hiyo. Kakasirika? Analia? Sauti imekauka au inatetemeka? Hujaambiwa, kwa sababu kazi hiyo aliachiwa mwigizaji na mwongozaji, sasa wewe uliyekaa na kitabu peke yako inabidi uwe wote hao kwa mpigo, ndo maana unachoka. Enzi za Shakespeare hata waigizaji hawakuwa wanapewa tamthilia nzima, kila mtu alipewa maneno yake tu na vineno viwili vitatu vya mwisho vya anayemtangulia, ili ajue zamu yake imefika. Na karibu nusu ya tamthilia zake zilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1623 wakati yeye kafa tangu 1616, yani hayo maandishi yalikuwa ya jukwaani kwanza, msomaji alikuja baadaye. Mimi dawa yangu ni kusoma kwa sauti. Hiyo "Umekula?" itamke kwa ukali, halafu itamke taratibu kama unaogopa jibu, utaona zinatoka mama wawili tofauti kabisa.

Riwaya yenyewe inakutafunia. Inaingia kichwani mwa mama, inakwambia alikuwa akiota mlango huo ukigongwa, wewe kazi yako ni kufuata na kuamua kama msimulizi unamwamini.

Manga sasa, yani vile vitabu vya hadithi za picha vya Kijapani. Kiboksi cha kwanza mkono umeshika komeo, cha pili viatu vyenye matope, cha tatu jicho la mama, hakuna neno hata moja. Kati ya kiboksi na kiboksi kuna kauwazi cheupe na hapo ndo kazi yako ilipo, wewe ndo unaamua imepita sekunde moja au dakika kumi, ukipita mbio na tukio nalo linapita mbio. Halafu Wajapani wana kitu nakipenda sana, ukimya wanauandika kama sauti, "shiin", unachorwa kwa herufi juu ya picha. Kwetu haipaswi kushangaza maana na sisi si tunasema kimya jii? Na manga kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto ni kwa sababu Kijapani kikiandikwa kwa mistari ya kusimama, juu kwenda chini, kinaanzia mstari wa kulia. Zamani wachapishaji wa Marekani walikuwa wanageuza picha kama kwenye kioo ili wasomaji wao wasihangaike, matokeo yake samurai wote wakawa mashoto. Mimi manga yangu ya kwanza nilianzia nyuma, nikajua nani kafa kabla sijajua ni nani.

Vitabu vya hamasa watu wanavidharau, lakini navyo vina kazi yao. Tukio letu humo lingekuwa: je, wewe kuna mtu umemfungia mlango? Andika jina lake hapa. Yani mhusika mkuu ni wewe, na hadithi haiendi mpaka ufunge kitabu ukafanye kitu. Mskoti Samuel Smiles, ambaye kitabu chake cha 1859 kiliitwa Self-Help, alianzia kwenye mazungumzo na vijana wafanyakazi pale Leeds, na kitabu chenyewe kimejaa habari za maisha ya watu waliohangaika mpaka wakatoboa. Kwa hiyo msomaji wa riwaya anatiririka nazo vizuri tu, akifika penye zoezi analiruka ili awahi kisa kinachofuata. Nasema hivyo kwa sababu kimoja cha kupanga muda nilikimaliza chote usiku mmoja, usiku ambao nilitakiwa niwe naandaa kazi ya kesho yake asubuhi.