Majengo ya reli ya mfano: nani kasema lazima yagandishwe?

Anayeanza kuunda reli ya mfano mezani humwaga gundi chini ya kila nyumba kana kwamba kusi itaipeperusha. Halafu siku behewa linatoka relini nyuma ya ghala, mkono haupiti, na ghala linavunjwa. La kwangu lilikwenda hivyo.

Dhana: Jengo lisipogandishwa litasogea.
Kinacholishika ni kitanda lilimokaa. Gandisha kuta juu ya shiti ya plastiki ya milimita 1 au 2, uipitishe kidogo nje ya kuta. Funga sehemu ya chini kwa nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, liweke mahali pake, pima kama limenyooka, kisha paka plasta laini kuizunguka ile shiti. Plasta ikishika, inua jengo na ubandue nailoni. Linabaki shimo la kina kifupi linalolienea jengo hilo tu, kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chako.

Dhana: Ufa kati ya jengo na ardhi hauonekani ukiwa mdogo.
Unaonekana. Katika kipimo cha HO, yaani 1:87, ufa wa milimita 1 ni sawa na karibu sentimita 9 za nyumba halisi: vidole vinne vinaingia! Kuujaza si dawa ya kwanza. Afadhali uuhamishe. Jengo libebe baraza lake, ili mpasuko uangukie pale baraza linapokutana na udongo, mahali ambapo jicho limezoea kuona mstari. Panapobaki wazi, bandika majani upande wa ardhini tu, yaegemee ukuta bila gundi kuugusa.

Dhana: Nyumba yenye taa haiondoki.
Taa ibaki mezani, juu ya kijiti kifupi, na nyumba iifunike kama kawa juu ya sahani. Hakuna waya wa kukatika. Taa nyeupe ya LED hutumia kama volti 3. Kwenye umeme wa volti 12, rezista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) ya omu 1,000 huipa takriban miliampia 9. Kwa stesheni ya kijijini mimi huona hata hiyo ni harusi, naongeza rezista. Mwanga ukivuja kwenye pembe usilaumu msingi: paka kuta rangi nyeusi kwa ndani kabla ya kuweka paa.

Dhana: Sumaku chini ya jengo humaliza kila kitu.
Kwa mnara mwembamba au kibanda chepesi, sawa. Kwa jengo la kadi, sumaku kali hubaki mezani na kipande cha sakafu ya jengo. Weka dhaifu, mbili zatosha, na utie alama ya kalamu kwenye pande zinazovutana kabla ya kufungua gundi. Mimi niligundua zinasukumana gundi ikiwa imeshakauka.