Zambia: Umbali wa Bahari Unavyochagua Kipi Kiuzwe

Mwaka 2024 tani moja ya shaba iliyosafishwa iliuzwa kwa wastani wa zaidi ya dola 9,000 katika soko la London. Tani moja ya mahindi hupata dola mia mbili, mia tatu hivi, mwaka ukiwa mzuri. Sasa zipakie zote mbili kwenye malori yanayotoka Zambia kwenda bandarini. Dereva wa shaba na dereva wa mahindi wanachoma dizeli ileile, wanapanga foleni ileile kwenye mpaka wa Tanzania, Nakonde na Tunduma, wanapima uzito kwenye mizani ileile. Mwenye shaba akilipa nauli hiyo hata hashtuki. Mwenye mahindi, kabla gunia halijaona bahari, faida yote imekwishaliwa na barabara.

Kazi yangu ni uchumi wa usafirishaji, na kila ninapoisoma Zambia narudi kwenye hesabu hiyo. Tumezoea kusema kwamba nchi isiyo na bahari hulipa zaidi. Hilo ni kweli, ila halielezi mengi. Umbali hufanya kazi kama chekecheke: chenye thamani kubwa kwa uzito mdogo kinapita, kilicho kizito na cha bei ya chini kinabaki ndani. Ndiyo maana shaba huleta takriban asilimia 70 ya mapato ya mauzo ya nje ya Zambia, miaka sitini baada ya uhuru, ingawa kila serikali iliyoingia Lusaka imeahidi kuupunguza utegemezi huo.

Ramani yenyewe ina vituko vyake. Zambia ina kilomita za mraba 752,618, sehemu kubwa ikiwa kwenye uwanda wa juu wa mita 1,000 hadi 1,300, na inapakana na nchi nane: Tanzania, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mpaka na Botswana ni kipande cha mita 150 hivi katikati ya mto Zambezi. Hata hivyo kipande hicho kimezaa daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021, lenye urefu wa mita 923 na lililojengwa kwa kupinda ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Kaskazini, ulimi wa ardhi ya Kongo unaingia ndani ya Zambia hadi karibu uikate vipande viwili, kiasi kwamba njia fupi ya kutoka Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba, kwenda mkoa wa Luapula inapita katika nchi nyingine. Wakoloni waliochora mistari hiyo hawakuwa wakifikiria malori.

Majirani wanane maana yake ni milango mingi. Shehena ya Zambia inaweza kutokea Dar es Salaam, Beira, Durban, Walvis Bay, Nacala au Lobito, na kwa soko la Burundi ipo bandari ya Mpulungu kwenye ziwa Tanganyika. Beira iko karibu na Lusaka kuliko Dar, lakini mlango wake wa bahari hujaa mchanga na lazima uchimbwe mara kwa mara. Durban iko mbali, ila kwa muda mrefu imekuwa na meli nyingi na ratiba za kuaminika. Kwa hiyo mfanyabiashara hapimi kilomita peke yake. Anapima siku, wizi, ada, foleni, na kama lori litapata mzigo wa kurudi nao.

Na anapima siasa. Hapo ndipo historia ya Zambia inapotofautiana na ya nchi nyingine zisizo na bahari.

Ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, karibu njia zake zote za maana zilielekea kusini. Reli ilipita Livingstone, ikavuka daraja la Victoria Falls lililojengwa mwaka 1905, ikaingia Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Makaa ya mawe ya migodi yalitoka Wankie, ng'ambo hiyohiyo. Hata umeme wa Kariba, bwawa ambalo nchi mbili zilikuwa zikilitumia pamoja, ulitoka kwenye mitambo iliyokuwa ukingo wa kusini. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1965, Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, akajitangazia uhuru wake wa wazungu wachache. Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, akajikuta anaongoza taifa ambalo adui yake ndiye ameshika ufunguo wa reli, makaa na swichi ya taa.

Mafuta ikabidi yaletwe kwa ndege na kwa malori kupitia barabara ya vumbi kutoka Dar es Salaam. Barabara hiyo iliitwa Barabara ya Jehanamu, na waliopita huko masika hawakuona kama ni utani. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Reli ilichelewa zaidi kwa sababu Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilisema mradi hauna faida kiuchumi. China ikatoa mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza 1970, na TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ikaanza kazi rasmi mwaka 1976. Ukubwa wa njia yake, milimita 1,067, ulichaguliwa ili mabehewa yaweze kuendelea kwenye reli za kusini mwa Afrika.

Je, waliosema haina faida walikosea? Kwa hesabu ya kibiashara peke yake, hawakuwa mbali na ukweli. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka haijawahi kufika huko, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 ilishuka hadi chini ya tani laki moja. Lakini hesabu yao haikuwa na mstari wa gharama ya kufungiwa. Mwaka 1973 mpaka na Rhodesia ulifungwa kabisa. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaiua njia ya reli ya Benguela kwenda Lobito. Bila Dar, shaba ingekaa shimoni. Hata hivyo ukweli una upande wa pili: Oktoba 1978, TAZARA ikiwa na umri wa miaka miwili tu, Kaunda aliifungua tena njia ya kusini kwa sababu bandari ya Dar ilikuwa imesongamana na mbolea haikuwa ikifika kabla ya mvua. Mbolea ndiyo iliyomshinda mzee yule, jambo ambalo Smith hakuliweza.

Naitaja mbolea makusudi, kwa sababu chekecheke hufanya kazi pande zote mbili. Bidhaa nzito ya bei ya chini inayotoka nje huingia Zambia ikiwa imebeba nauli nzito. Chukua mahindi tena. Yakivunwa mengi, bei ya ndani inaweza kuporomoka mbali chini ya bei ya dunia kabla kuyapeleka nje hakujaanza kulipa. Yakipungua, bei inaweza kupanda mbali juu ya bei ya dunia kabla kuyaagiza hakujaanza kulipa. Katikati kuna pengo pana ambalo soko la nje haligusi, na bei inayumba humo kama inavyotaka. Nchi yenye bandari ina pengo jembamba. La Zambia ni pana, na serikali yoyote ile hujikuta imeingia kulijaza: kwa Wakala wa Akiba ya Chakula, FRA, unaonunua mahindi ya wakulima, kwa ruzuku ya pembejeo, kwa kupiga marufuku mahindi kuuzwa nje kila hofu inapotokea.

Wachumi wenzangu wengi huilaumu Lusaka kwa marufuku hizo, nami naona mara nyingi huja vibaya na huwaumiza wakulima. Ila usizisome kama ujinga. Desemba 1986 serikali ilipoondoa ruzuku ya unga, Copperbelt iliwaka moto na watu wakafa, ruzuku ikarudishwa. Juni 1990 bei ya unga ilipandishwa zaidi ya maradufu na Lusaka ikawaka. Mfumo wa chama kimoja uliokuwepo tangu 1972 haukupona. Oktoba 1991 Kaunda alishindwa katika uchaguzi wa vyama vingi na Frederick Chiluba, akakubali na kuondoka. Kila rais aliyefuata analijua somo hilo, hata kama halisemi jukwaani.

Mabadiliko ya serikali kwa kura yametokea tena 2011, Michael Sata aliposhinda, na 2021, Hakainde Hichilema aliposhinda baada ya kushindwa mara tano. Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura, sharti lililoingizwa katika katiba mwaka 2016. Kabla ya hapo aliyeongoza alichukua hata kwa theluthi. Chini ya rais kuna mikoa kumi, wa mwisho kuundwa ukiwa Muchinga. Kwa muda mrefu mamlaka ya fedha yalibaki Lusaka. Mwaka 2022 Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo ulipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo. Ukiuliza mtu wa wilayani siasa zimebadilika wapi, kuna uwezekano mkubwa akutajie madawati na zahanati za fedha hizo kabla ya kutaja hotuba yoyote.

Turudi kwenye shaba, maana ndiyo inayolipia madawati hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Zambia ilitoa tani zaidi ya laki saba kwa mwaka. Serikali ikachukua asilimia 51 ya migodi, halafu bei ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, na migodi ikakamuliwa bila kuwekezwa tena. Kufikia mwaka 2000 uzalishaji ulikuwa karibu robo milioni tu. Ubinafsishaji uliurudisha juu, lakini uliuhamisha pia, jambo ambalo wasomaji wengi hawalitilii maanani. Migodi mikubwa ya leo, Kansanshi, Lumwana na Sentinel, iko mkoa wa Kaskazini-Magharibi, wakati reli inaishia Chingola, Copperbelt. Utajiri umehama, reli haikuhama. Ndiyo sababu barabara ya Solwezi imejaa malori, na ndiyo sababu mgodi wa kisasa kabisa bado unategemea lami ya barabara ya kawaida.

Serikali imejiwekea lengo la tani milioni tatu kwa mwaka mwanzoni mwa muongo ujao, kutoka laki nane na kitu za mwaka 2024. Zitapita wapi? Na zitachimbwa kwa umeme upi? Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Zambia hutoka kwenye maji, hasa Kariba na Kafue, na migodi hutumia karibu nusu ya umeme wote. Ukame wa 2024 ulitangazwa kuwa janga la taifa mwezi Februari. Mavuno ya mahindi yalishuka hadi tani milioni 1.5 hivi, chini ya nusu ya mwaka uliotangulia, na mgawo wa umeme ukafika mahali mitaa mingine ilipata saa tatu kwa siku. Tanzania ilikubali kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Mwaka uliofuata mvua zilinyesha, mavuno yakapita tani milioni 3.6, na tatizo likageuka kuwa bei ndogo kwa mkulima. Pengo lilelile, upande wake wa pili.

Haya yote yalitokea nchi ikiwa bado inajitoa kwenye madeni. Hati fungani za dola zilizouzwa 2012, 2014 na 2015 zilijumlisha bilioni tatu. Shaba iliposhuka, malipo yakawa mazito, na Novemba 2020 Zambia ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Mazungumzo na wadai yalichukua miaka zaidi ya mitatu.

Sasa wakubwa wamerudi kugombea milango. Marekani na Ulaya zinaunga mkono ushoroba wa Lobito, ambao ili uihudumie Zambia moja kwa moja unahitaji mamia ya kilomita za reli mpya kupita Kaskazini-Magharibi. Kampuni ya China imesaini mwaka 2025 mkataba wa dola bilioni 1.4 wa kuifufua na kuiendesha TAZARA. Magazeti huliandika jambo hili kama mashindano ya Washington na Beijing. Kwa Zambia maana yake ni nyepesi zaidi: mwenye milango miwili hujadiliana nauli, mwenye mmoja hulipa alichoambiwa.

Ila reli mbili za kutoa shaba haraka zaidi zitaacha chekecheke lilivyo, kwa sababu shaba ilikuwa inapita tayari. Dizeli nayo sasa hupanda kwa bomba la TAZAMA, hivyo treni itahitaji mzigo mwingine wa kurudi nao: mbolea, ngano, kontena za bidhaa. Mikataba hii ikisomwa Lusaka na Dar es Salaam, kifungu ninachokitafuta mimi kwanza ni kile cha wasafirishaji wadogo: kama mkulima wa soya wa Mkushi, ambaye reli inapita wilayani kwake, atapata behewa, kwa nauli gani, au kama mabehewa yote yamekwishawekewa migodi.