Kushukuru si kufumbia macho shida

Jumamosi iliyopita msibani, huku Nkuhungu, Dodoma, kaka mmoja alinivuta pembeni. "Dada, wewe si mshauri? Mwambie huyu mjane ashukuru Mungu. Kuna waliofiwa na familia nzima." Kauli hii nimeichoka. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu wanaoitoa hudhani wanaitoa kwa niaba ya fani yangu ya ushauri nasaha.

Kumwonyesha mtu wengine wenye hali mbaya kuliko yake si kumfundisha shukrani. Ni kumwongezea hatia juu ya maumivu. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough, watafiti wa Marekani, walichapisha utafiti uliosaidia kueneza haya madaftari ya shukrani. Kundi moja liliandika kila wiki, kwa wiki kumi, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, lingine kero, la tatu yaliyotokea tu. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi. Lakini watu husahau sehemu ya pili ya utafiti uleule: kujilinganisha na wenye hali mbaya kuliwekewa kundi lake. Hawakukuchanganya na shukrani. Sisi ndio tunaochanganya.

Wala kuwaza shida si dhambi. Akili hushika baya upesi kuliko zuri. Mkulima wa uwele anayekosa usingizi mvua ikikatika Januari hajakosa adabu kwa Mungu. Anawaza chakula cha mwaka mzima, maana msimu wetu ni mmoja.

Nina mteja, mama anayelima zabibu Hombolo, ameniruhusu nisimulie. Wiki ya kwanza aliandika: "Afya. Uhai. Watoto." Nikamwambia, mama, haya ungeyaandika hata usiku wa manane bila taa. Niandikie la jana. Wiki iliyofuata akaja na hili: "Foleni ya bombani, jirani alisogeza ndoo yangu nilipokaa kumnyonyesha mtoto." Chini yake, kwa kalamu ileile: "Ubwiri unga umeingia shambani. Deni la dawa bado." Ubwiri unga ni ugonjwa wa mizabibu. Sikumwambia afute mstari wa pili. Ndoo ni kweli na deni ni kweli.

Mara moja kwa wiki inatosha. Ukiandika kila siku, mkono unaweza kuzoea na macho yakaacha kutafuta.

Kuna jambo linanisumbua, tena sana. Mwenye sonona kali simpi tena zoezi hili mwanzoni. Kijana mmoja alinirudishia karatasi tupu akasema, "Hata kushukuru nimeshindwa." Kosa lilikuwa langu, nilimpa mapema mno. Na hata kwa waliopata nafuu, wakati mwingine nawaza kwamba kilichowasaidia ni kuwa na mtu wa kuwasikiliza kila Alhamisi, wala si daftari.

Yule mjane sikumwambia kitu. Nilikaa naye mkekani mpaka jua likapoa. Akalia, akanyamaza, kisha akasema kuna mtu aliingia alfajiri bila kuitwa, akawasha moto, akawapikia watoto uji, akaondoka.

"Sijamwambia hata asante," akasema, akainua shingo kumtafuta kati ya akina mama waliokuwa wakiosha masufuria.