Nishani hufuata jalada: maelezo kwa wanajeshi wastaafu wa Mtwara na Lindi

Maombi mengi ya nishani hukwama ilhali mwombaji alikuwepo vitani kweli. Kinachoyakwamisha ni kwamba barua inasimulia vita kurasa nne, huku anayeisoma akitafuta mstari mmoja tu ndani ya jalada la utumishi la mwombaji. Afisa wa utumishi hawezi kutoa pendekezo la nishani kwa kuwa habari ya mzee inasadikika. Kazi yake ni kulinganisha masharti ya nishani na yaliyoandikwa. Jalada likionyesha kwamba Februari 1979 ulikuwa kozini, kwa karatasi hukuwepo vitani Masaka, Uganda, hata kama kovu la mguuni ni la Masaka.

Kwa hiyo kuna maombi mawili, na yana mpangilio wake. La kwanza ni kusahihisha kumbukumbu. La pili ni nishani yenyewe. Ukiyachanganya katika barua moja, la pili hujibiwa kwa jalada lenye kosa, na jibu la “hukidhi masharti” nalo huwekwa humo humo kama kumbukumbu mpya.

Kabla ya kuandika chochote, jiulize ni nishani ipi, maana kila moja hushikilia mstari wake. Nishani ya Kagera, ya vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, inahusu mahali na tarehe: ulikuwa wapi kati ya Oktoba 1978 na katikati ya 1979. Nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema hutazama siku ya kuandikishwa, utumishi kama uliwahi kukatika, na ukurasa wa adhabu. Medali ya Umoja wa Mataifa kwa walinda amani si ya Tanzania, hutolewa na Umoja huo kwa aliyetimiza siku 90 ndani ya misheni, kama vile Darfur au Kongo. Hapo ugomvi huwa ni tarehe ya kufika na ya kuondoka eneo la misheni. Tarehe ya kuagwa Dar es Salaam haihesabiwi.

Sasa makosa yenyewe. Kwa huku kusini, la kwanza ni jina. Kijana wa Kimakonde, Kimakua au Kiyao aliyeingia jando alitoka na jina jingine. Akienda misheni ya kanisa Ndanda au Masasi, alibatizwa jina la tatu. Akisoma madrasa, alikuwa Saidi, na karani wa usaili akaandika Said, au Saidia. Majeshini wengi waliandikwa majina mawili, leo kitambulisho cha taifa cha NIDA kinadai matatu, na jina jingine likaongezeka. Kompyuta haijui jando. Inaona watu wawili.

Dawa yake si kubadili jina. Wengi hukimbilia kusajili hati ya kubadili jina, wakajiumiza, kwa sababu hati hiyo inasema kuanzia leo unaitwa hivi, wakati unachotaka kuthibitisha ni kwamba wa 1974 na wa leo ni mtu mmoja. Kinachofaa ni kiapo cha kuthibitisha majina: “Mimi ninayeitwa A B C ndiye niliyeandikishwa jeshini kwa jina la B A, namba ya jeshi MT …”. Namba ya jeshi ndiyo msumari. Askari hubadilishiwa kikosi na kambi, namba ikabaki. Kama umeisahau, itafute kwenye hati ya kustaafu, karatasi za pensheni, kadi ya hospitali ya jeshi, hata barua ya zamani ya likizo.

La pili ni mahali pa asili. Mkoa wa Lindi ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, kwa hiyo aliyeandikishwa Nachingwea kabla ya hapo jalada lake linasema Mtwara. Tandahimba ilikuwa Newala, Nanyumbu ilikuwa Masasi. Ongeza Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970: kijiji ulichokitaja siku ya usaili huenda kilihamishwa, na leo ni pori la mikorosho. Usiombe jambo hili lisahihishwe, maana si kosa. Omba tu barua ya mtendaji wa kijiji na ya kata inayoeleza jinsi kijiji cha zamani na cha sasa vinavyohusiana.

La tatu, na hili ndilo huua maombi ya Kagera, ni uhamisho wa muda. Kikosi chako kilibaki, wewe ukapelekwa na wenzako kumi kuongeza nguvu kikosi kingine. Amri ya kuondoka iliandikwa kwa mkono, ikasafiri na nyinyi, na haikurudi kambini. Jalada mama likaendelea kukuhesabu upo. Hapa usiombe “nirekebishiwe historia yangu ya vita”. Taja kikosi ulikotoka, kikosi ulikopelekwa, mwezi, na aliyekuwa kamanda wa kombania.

Kumbukumbu ya miaka 45 huteleza, kwa hiyo ifunge kwenye matukio yenye tarehe inayojulikana. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, Mutukula ikachukuliwa Januari 1979, Masaka Februari, Entebbe mwanzoni mwa Aprili, Kampala tarehe 11 Aprili. Anayeandika kwamba aliingia Kampala “mwezi wa pili” si lazima awe mwongo, ila ameshamkabidhi msomaji sababu ya kuliweka ombi pembeni. Kama hukumbuki siku, andika “baada ya Masaka, kabla ya Entebbe”. Hiyo ni tarehe ya kutosha na haikufungi.

Ushahidi una uzito tofauti. Juu kabisa ni karatasi iliyoandikwa wakati ule na mtu asiyekuwa na haja ya kukusaidia: orodha ya malipo, cheti cha kulazwa, amri ya kikosi ya kupandishwa cheo, barua yenye muhuri wa posta. Kisha picha, hasa ikiwa na maandishi ya wakati huo nyuma. Kiapo cha mwenzako hufuata, na viwili vya watu waliokuwa kombania moja na wewe vinazidi kumi vya majirani. Kiapo kiseme alichokiona mwenyewe, kitaje namba yake ya jeshi, na kisainiwe mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, papo hapo pakiandikwa mahali na tarehe. Viapo vinavyofanana neno kwa neno, vimechapwa duka moja la steshenari siku moja, havimsaidii mtu. Na kiapo cha uongo ni kosa la jinai kwa aliyekula.

Karatasi za sanduku la bati zilizopigwa na unyevu wa pwani zisipelekwe kuwekewa plastiki. Joto la mashine hufifisha wino wa muhuri, na baadaye hakuna awezaye kukagua karatasi. Zipige picha pande zote mbili, toa nakala, zithibitishwe na hakimu au wakili, halisi zibaki nyumbani. Nyaraka za jeshi usizirushe kwenye makundi ya WhatsApp kutafuta mashahidi.

Barua iwe ukurasa mmoja. Kichwa: “YAH: OMBI LA KUSAHIHISHA KUMBUKUMBU ZA UTUMISHI, MT … (CHEO NA JINA LA JESHINI)”. Aya ya kwanza, wewe ni nani. Ya pili, jalada linasema nini. Ya tatu, lilipaswa kusema nini, na kiambatisho namba ngapi kinaonyesha hivyo. Tarehe ya kuzaliwa usiiguse humo, kwani inagusa kustaafu na pensheni, na itaamsha maswali ambayo hukuyaleta. Anza kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya yako, ambaye ni mwanajeshi na anajua njia ya kuifikisha Makao Makuu ya Jeshi kwenye utumishi. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Ukifuatilia, taja Kumb. Na. ya barua. Kurudia hadithi upya hufungua jalada jingine.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zilizokosewa zirekebishwe, lakini ina misamaha kwa masuala ya usalama wa taifa. Kuitaja kwa adabu si vibaya. Kuitumia kama rungu, kwa maoni yetu, ni kupoteza wino.

Mwenye haki akiwa ameshafariki, mjane au mtoto haandiki kama mjane au mtoto tu. Anahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vifo, na uteuzi wa msimamizi wa mirathi, kwa Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Na. 4. Jina la marehemu kwenye cheti cha kifo lilingane na la jeshini, vinginevyo kile kiapo cha majina kinarudi, safari hii kikiapwa na ndugu aliyemfahamu kwa majina yote.

Na jalada likiwa limepotea kabisa? Wamarekani walipata somo hilo Julai 12, 1973, jengo la kumbukumbu karibu na St. Louis lilipoungua na kuteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Utumishi wa watu wale hujengwa upya kwa kutumia vyanzo vya pembeni, kama vile karatasi za mishahara na za matibabu. Wao pia wana bodi za kusahihisha kumbukumbu za jeshi, zilizotokana na sheria ya 1946. Mwombaji hupewa miaka 3 tangu agundue kosa, bodi inaweza kusamehe kuchelewa, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kwetu pia njia ya pembeni ipo: mstaafu anayelipwa pensheni ana kumbukumbu Hazina, na zile hazikukaa kambini. Omba uthibitisho wa tarehe za utumishi zilizotumika kukokotoa malipo yako.

Atakayekwambia ana mtu wake makao makuu na anataka “hela ya kufungua faili”, mwombe akuandikie risiti ya serikali yenye namba ya malipo. Akishindwa, chukua nakala zako zote mkononi mwake kabla hajaondoka, hasa ile yenye namba ya jeshi.