Ujazo wa umbo mchanganyiko

Umbo mchanganyiko ni lile lililoundwa kwa maumbo mawili au zaidi ambayo kanuni zake tunazijua. Tazama vihenge vya bati vya kuhifadhia nafaka pale Makambako: hesabu haina kanuni ya kihenge, ila ina ya mcheduara (ukuta) na ya pia, yaani koni (paa). Unatenganisha kwenye maungio, unatafuta ujazo wa kila kipande, unajumlisha.

Tuchukue kihenge kidogo cha mkulima wa Mbozi: nusu kipenyo mita 2.1, ukuta mita 5 kwenda juu, paa lenye kimo cha mita 2. Eneo la kitako ni 22/7 × 2.1 × 2.1, yaani mita za mraba 13.86. Mcheduara ni 13.86 × 5 = mita za ujazo 69.3. Ujazo wa pia ni theluthi ya eneo la kitako mara kimo: 13.86 × 2 ÷ 3 = 9.24. Jumla ni 78.54.

Wengi hukwama kwenye paa. Fundi akipanda na futi kamba, anachopima ni bati kutoka ukingoni hadi kileleni, nalo hapa ni mita 2.9. Huo ni mshazari, si kimo. Ukiutumia kama kimo, paa linakuwa 13.4, zaidi ya mita 4 za ujazo ambazo hazipo. Kimo kinatoka kwa Pithagorasi: 2.9² − 2.1² = 4, na kipeuo chake cha pili ni 2.

Tena, anayetaka kujua magunia ningemwambia aachane na paa kabisa, maana mahindi makavu hayakai kwenye mteremko mkali namna hiyo, yanaporomoka. Mita moja ya ujazo hubeba kama kilo 720 za mahindi, kwa hiyo mcheduara peke yake unameza karibu tani 50: magunia 500 ya kilo mia.

Mara nyingine hujumlishi, unatoa. Chukua karavati la zege lenye nusu kipenyo cha nje sm 70 na cha ndani sm 60. Zege ni mcheduara wa nje kutoa wa ndani: 4,900 − 3,600 = 1,300, mara pai, mara urefu. Mwenye haraka hutoa kwanza, 70 − 60 = 10, kisha 10 × 10 = 100. Zege lake lingetosha sehemu moja tu kati ya kumi na tatu za kazi.

Eneo la nje, kwa upande wake, halijumlishwi hivi hivi. Duara ambalo pia (paa) imelikalia juu ya ukuta limefichwa, kwa hiyo anayenunua rangi ya kihenge halihesabu.