Je, wajua kwa nini zikiri, yaani kumtaja Mungu kwa kurudiarudia, huanza na neno "hapana"?

Anayepita karibu na halka, yaani duara la wanaosoma zikiri, Lindi mjini au Kilwa, usiku wa kuamkia Ijumaa, huona vichwa vikiyumba, sauti zikipanda, pengine mmoja akaanguka. Huondoka na jibu: kumbe fanaa, yaani kuiacha nafsi, ni kujisahau mpaka kuzimia.

Jibu hilo limeenea mno, na si sahihi. Aliyezimia hajaacha kitu; akizinduka ataikuta nafsi yake palepale, na kiburi chake chote. Mara nyingi ni pumzi tu. Ukihema kwa kasi bila kituo, kabonidayoksaidi hupungua kwenye damu, mishipa ya ubongo husinyaa, vidole hufa ganzi na kizunguzungu hukushika. Dawa yake ni khalifa, kiongozi wa halka, kupunguza mwendo. Junaidi wa Baghdad, sheikh wa Kisufi aliyefariki mwaka 910, alifundisha kwamba baada ya fanaa kuna bakaa: mja hurudi kwa watu akiwa na akili timamu. Kinachopotea ni madai ya "mimi".

Wala nafsi haiuawi. Kurani inaitaja katika hali tatu: inayoamrisha maovu (12:53), inayojilaumu (75:2) na iliyotua (89:27). Ni nafsi ileile.

Itazame kama korosho. Ganda lake lina mafuta makali. Ukilibangua bichi, mafuta yanakuunguza mikono na kuchafua kiini. Likikaangwa kwanza, ganda hukauka, na pigo dogo la kipimo hutoa kiini kizima. Ukipiga kwa hasira, unapata vipande. "La ilaha", hapana mola, ndiyo moto: unapita juu ya kila ulichokiegemea, cheo, sifa, hata raha ya zikiri yenyewe. "Illallah", ila Mwenyezi Mungu, ndilo pigo. Anayeruka "hapana" anabangua mbichi.

Ndiyo maana uradi, yaani zikiri ya kila siku, wa tarika ya Kisufi ya Shadhili, asubuhi na jioni, una mpangilio: istighfari (kuomba msamaha) 100, kumswalia Mtume 100, kisha "La ilaha illallah" 100. Toba hutangulia kwa sababu asiyekiri kosa hana cha kuacha. Kosa la kawaida ni kukimbilia hesabu: tasbihi inasonga, moyo uko sokoni. Afadhali "la" ivutwe polepole, maana ifike kabla ya punje inayofuata.

Anayeiacha nafsi hupata wapi nguvu ya kusubiri? Kulinda jina lako kutwa kucha ni kazi nzito: kujibu kila neno, kuogopa kila jicho. Mzigo huo ukitua, subira inapata pa kukaa. Inapendeza kwamba nafsi na nafasi ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa pumzi.

Ila utulivu baada ya zikiri si ushahidi wa fanaa. Pumzi ya polepole humtuliza yeyote, hata asiyeamini. Kipimo kiko nje ya halka, kwenye ghala la korosho, karani anapokusomea kilo pungufu na foleni nzima inakutazama.